Vigae Vyekundu na Madoa ya Saruji

Juma lililopita tulimaliza mazungumzo yetu juu ya paa na mifereji ya maji, na tulikusudia leo kuingia katika habari za mchwa. Lakini imetufikia barua ambayo haifai kungojeshwa, kwa sababu ndani yake mna sakafu iliyoharibika na, lililo zito zaidi, mna fundi ambaye hajalipwa ujira wake wote. Mchwa watatusamehe kwa juma moja.

Aliyeandika ni bibi mmoja mkaaji wa kando ya barabara iendayo Entebbe. Asema kwamba aliweka akiba kwa miaka mingi, hata akaweza kutandika vigae vyekundu vya udongo katika sebule, jikoni na barazani. Fundi alipomaliza kazi, sakafu yote ilionekana kama iliyonyunyiziwa unga. Akiipiga deki, vigae hurudia wekundu wao na moyo wake hufurahi; sakafu ikikauka, weupe umerudi pale pale. Jirani amemshauri anunue asidi ya betri ya gari na kuisugulia sakafu. Muuza rangi naye amemwambia kuwa vigae vyote vya udongo havina budi kupakwa dawa ya kuziba, na kwamba dawa hiyo ikipakwa weupe utatoweka. Bei aliyotajiwa karibu ilingane na bei ya vigae vyenyewe. Yeye kwa hasira amemzuilia fundi nusu ya ujira, na sasa auliza: amsikilize nani?

Nitamjibu bila kuficha kwamba jirani asimsikilize hata kidogo, na muuza rangi asimsikilize kwanza. Habari za fundi nitazieleza baadaye, maana nina deni langu mwenyewe katika jambo hili.

Tuanze na kigae chenyewe. Viko vigae vya aina nyingi, lakini kwa shauri letu la leo yatosha kuvigawa mafungu mawili: vilivyotiwa ngozi ya kioo juu, na visivyotiwa. Kile kilichotiwa kioo kimepakwa uji maalumu kabla ya kuchomwa, na uji huo ukiyeyuka tanuruni hugeuka kuwa kioo hasa. Maji hayapiti juu yake, wala saruji haina mahali pa kujishika. Ikimwagika waifuta kwa kitambaa na mambo yamekwisha. Kisichotiwa kioo ni udongo mtupu uliochomwa. Kwetu Uganda twavijua sana vigae hivi, kwa kuwa udongo wa Kajjansi, kati ya Kampala na Entebbe, umechomwa kuwa vigae na matofali kwa muda mrefu, na kampuni ya Uganda Clays ya hapo iliundwa mwaka 1950. Uso wa kigae cha namna hii una matundu madogo mno yasiyohesabika, na kila tundu ni mdomo unaokunywa.

Wataalamu hupima unywaji huo kwa kulinganisha uzito wa kigae kikavu na uzito wake baada ya kushiba maji. Kigae kigumu cha porselini kimewekewa kiwango cha kunywa kisichozidi nusu ya sehemu 1 katika kila sehemu 100 za uzito wake. Vigae vya udongo mwekundu vilivyoshindiliwa na kuchomwa sana hunywa sehemu 3 hadi 6 au zaidi kidogo. Vile laini, ambavyo ukivigonga hutoa sauti nzito kama ya chungu, hupita 10. Kwa hiyo watu wawili waweza wote kusema wana “vigae vya udongo” na kumbe sakafu zao hazifanani kabisa.

Sasa njoo kwenye lile rojo linalojazwa katika nafasi zilizo kati ya kigae na kigae, ambalo mafundi huliita grauti. Mara nyingi si kitu ila saruji, mchanga laini na maji, pengine pamoja na rangi. Fundi hulipaka juu ya sakafu kwa mwiko wa mpira, akilisukuma liingie katika nafasi, na kisha hufuta lililobaki juu ya vigae kwa sponji yenye unyevu. Katika kufuta huko hubaki maji meupe kama maziwa membamba. Juu ya kioo maji hayo hukauka yakawa vumbi. Juu ya udongo mtupu hunywewa. Na ndani ya matundu saruji hukaza, na chokaa yake hukutana na hewa ikageuka kuwa jiwe la chokaa, lile lile jiwe ambalo maji hayaliyeyushi. Ndiyo maana bibi yetu hupiga deki asifanikiwe. Sakafu ikiwa na maji, utando ule mwembamba hauonekani, kama vile karatasi ionyeshavyo kilicho nyuma yake ikilowa. Ikikauka, utando waonekana tena. Haukuondoka wala haukurudi. Ulikuwapo wakati wote.

Hapo ndipo ninapolazimika kueleza kisa changu.

Mwaka 2019 shangazi yangu, mwuguzi mstaafu, alitumia sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake kujenga vyumba viwili vya nyuma na kutandika vigae vyekundu nyumba nzima. Nilikuwa katika likizo yangu ya mwaka, na kwa kuwa katika ukoo mimi ndiye niliyesoma ualimu na ninayekaa ofisini, niliteuliwa kuwa msimamizi. Fundi alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye mkono ulionyoka. Siku ya kutia grauti ilipokaribia alinijia akaniomba mambo mawili. La kwanza, tununue mafuta ya kitani, avipake vigae kabla ya kutia grauti ili visinywe saruji. La pili, tumtafutie vijana wawili wa kufuta, mmoja wa sponji na mmoja wa kubadilisha maji.

Mimi nilichukua kalamu nikapiga hesabu, nikaona mafuta ni anasa na vijana wawili ni ufujaji. Nikamwambia, “Fundi, kazi ya kufuta hata mke wako angeifanya kwa mkono mmoja. Endelea hivi hivi.” Alinitazama kidogo, akasema, “Ndiyo, Bwana.” Tena ilikuwa Jumamosi, mawingu yametanda upande wa ziwa, nikamhimiza apake grauti sebule nzima kwa mara moja ili amalize kabla ya mvua, na kufuta kungoje. Jumatatu asubuhi tulipofungua mlango, sakafu ilikuwa nyeupe kama kinu cha posho.

Shangazi alisimama kizingitini asiseme neno. Kisha akatamka kwamba fundi hatapata hata senti. Yule mtu alikuwa ameketi chini ya mfenesi uani, amesikia yote, nami nilikuwa nimesimama kati yao. Hakufumbua kinywa kunishitaki. Na mimi, wasomaji, sikufumbua changu.

Badala yake niliondoka haraka kwenda dukani, nikanunua chupa ya asidi ya hidrokloriki, ile kali ambayo mafundi wengine huisafishia zege. Nilirudi nikafunga madirisha ili watoto wa jirani wasichungulie, nikaimwaga juu ya vigae vikavu bila kuichanganya na kitu. Ilitokota na kutoa moshi. Kwa dakika chache nilidhani nimeshinda, maana weupe ulikuwa ukiyeyuka machoni pangu. Kisha kifua kikabana, macho yakawaka, nikatoka nje nikikohoa kama mgonjwa. Baada ya siku mbili bawaba za milango na komeo za madirisha zilikuwa zimeshika kutu. Grauti katika nafasi ilikuwa imelika, ukipitisha ufagio mchanga watoka. Na karibu na mlango palikuwa na mabaka ya manjano, kwa sababu wekundu wa vigae vyetu watokana na chuma kilichomo udongoni, na asidi ile iliikorofisha rangi hiyo.

Usiku wa siku ile ndipo nilipomwendea shangazi nikamweleza habari ya mafuta ya kitani na ya vijana wawili. Aliniuliza neno moja tu: “Na fundi alikuwa akijua, mwanangu?” Nikasema ndiyo, alijua na aliniambia. Asubuhi alimwita akamlipa ujira wake wote mbele yangu, na kazi ya kurudia grauti ililipwa kwa mshahara wangu wa mwezi uliofuata na uliofuata huo. Fundi ndiye aliyenifundisha njia ninayoieleza sasa, na mengine nimeyasoma baadaye.

Madoa ya grauti yana umri, na kila umri una dawa yake. Katika saa ya kwanza ni mchezo: sponji iliyokamuliwa sana, maji masafi yanayobadilishwa mara kwa mara, na kufuta kwa kukata nafasi mshazari ili sponji isichimbe grauti. Sponji yenye maji mengi ni adui, kwa kuwa huisukuma saruji iingie matunduni. Utando wa kwanza ukikauka, baada ya dakika 15 au 30 hivi, futa kwa kitambaa kikavu. Kwa hiyo eneo la kupaka kwa mara moja liwe dogo, kiasi ambacho mkono mmoja waweza kukisafisha kabla hakijakauka.

Siku ya pili na ya tatu grauti katika nafasi imeanza kukaza, lakini utando ulio juu bado ni mlegevu. Hapo chukua kipande cha gunia la katani, kiloweshe kidogo, usugue kwa duara. Gunia lina ukali wa kutosha kung’oa saruji changa bila kukwaruza kigae. Brashi ngumu ya nailoni nayo yafaa. Usitumie steli wuli, maana vipande vyake vidogo hubaki matunduni, vikashika kutu, nawe utakuwa umebadilisha doa jeupe kwa doa la kahawia.

Bibi yetu amekwisha kupita siku hizo. Doa lake sasa ni jiwe la chokaa, na jiwe la chokaa huyeyushwa na asidi. Lakini asidi haijui kutofautisha saruji iliyo juu ya kigae, ambayo hatuitaki, na saruji iliyo katika nafasi, ambayo twaitaka. Kazi yote ya mtu mwenye busara ni kuifanya asidi ibaki juu, iwe hafifu, na isikae muda mrefu. Kwanza angoje grauti ikomae, siku 10 zisipungue, na mwezi mmoja ni bora, kwa kuwa saruji hupata sehemu kubwa ya nguvu zake katika siku 28.

Halafu, na hili ndilo nililolikosea zaidi kuliko yote, sakafu inyweshwe maji masafi mpaka ishibe. Kigae kilichoshiba maji hakinywi asidi, wala grauti iliyoshiba haiinywi. Maji yaliyotuama juu yafutwe, unyevu ubaki ndani.

Aanze na kilicho dhaifu kabisa. Siki ya kawaida, sehemu 1 kwa sehemu 4 za maji, ajaribu juu ya kigae kilichosalia au katika pembe iliyo nyuma ya kabati. Apake eneo la mita 1 ya mraba, angoje dakika 5, asugue kwa brashi ya nailoni, na mara moja achote yale maji machafu kwa kitambaa kabla hayajakauka. Maji hayo yakiachwa, saruji iliyoyeyuka hujilaza tena juu ya kigae na kazi yote imekuwa bure. Asuuze mara mbili kwa maji masafi, ndipo ahamie eneo la pili. Siki ikishindwa, yako madukani maandalizi ya kuondolea saruji yaliyotengenezwa kwa asidi ya sulfamiki au ya fosforiki, ambayo ni ya upole kuliko ile niliyoitumia mimi. Vipimo afuate vilivyoandikwa juu ya chombo. Mwishoni sakafu ioshwe kwa maji yaliyotiwa magadi soda, kijiko cha chakula kwa kila lita, kuivunja asidi iliyobaki, kisha isuuzwe tena.

Kuna mambo ambayo sitayasema kwa upole. Madirisha yote yawe wazi. Avae glavu za mpira na kukinga macho. Ikiwa asidi ni ya kuchanganywa na maji, maji hutangulia ndooni na asidi hufuata kidogo kidogo; kinyume chake yaweza kuruka usoni. Watoto wasiwepo. Wala asidi yoyote, hata siki, isikutane na dawa ya kuifanyia nguo nyeupe, kwa maana mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini, na hewa hiyo huua. Nasema hivi kwa sababu najua nyumbani mwetu mtu akiona dawa moja imeshindwa huongeza ya pili juu yake.

Na asidi ya betri? Hiyo ni asidi ya sulfuriki. Mbali ya kwamba huunguza ngozi na nguo, ikikutana na saruji huzaa jasi, nayo jasi ni nyeupe na haiyeyuki upesi katika maji. Jirani atakuwa amemtibu mgonjwa wa weupe kwa weupe mwingine. Mwenye sakafu ya marumaru, ya mawe ya chokaa, ya terazo au ya vigae vya saruji, yeye asiguse asidi ya aina yoyote, kwa kuwa huko sakafu yenyewe ndiyo itakayoyeyuka.

Kabla hajaanza hata hivyo vya siki, bibi yetu atazame vizuri kama weupe wake ni wa grauti kweli. Weupe wa grauti huonekana tangu siku ya kwanza, na mara nyingi waweza kuona ndani yake njia za sponji, kama upinde upinde wa mkono wa fundi. Uko weupe mwingine, ambao ni wa chumvi. Huo hauji siku ya kwanza bali baada ya majuma, hasa baada ya mvua, na ni mwepesi kama sufi. Huzidi kandokando ya vigae na karibu na kuta. Hutoka chini: maji ya ardhini hupanda ndani ya zege, hubeba chumvi za saruji na za udongo, yakifika juu hukauka na kuziacha. Dawa yake ni ufagio mkavu na subira, na kutafuta maji yanakotoka. Kuuosha kwa maji mengi ni kuupa safari nyingine ya kupanda.

Ikiwa grauti ilikuwa ya rangi, nyeusi kwa mfano, asidi huondoa saruji lakini rangi yenyewe yaweza kubaki matunduni. Hapo sina la kumwahidi mtu zaidi ya kupunguza. Ndiyo maana nawashauri wenye vigae visivyotiwa kioo wachague grauti inayokaribia rangi ya kigae. Wekundu na weusi kwa pamoja hupendeza sana dukani. Ikiwa grauti ni ya epoksi, siki na asidi hizi hazitafanya lolote, kwani hiyo si saruji. Itahitaji dawa yake maalumu kutoka kwa aliyeiuza, na upesi.

Tuje kwa muuza rangi na dawa yake ya kuziba. Je, ni kweli kwamba vigae vyote havina budi kuzibwa? Si kweli. Vilivyotiwa kioo vimekwisha kuzibwa na kioo. Porselini, kwa ujumla, haina pa kuipokea dawa. Vigae vyekundu vilivyo vigumu vyaweza kuishi maisha marefu bila kitu ila kuoshwa. Ziko sakafu za shule na hospitali zilizokanyagwa miaka kwa miaka hivyo hivyo, na wazee wetu walizipaka polishi nyekundu ya mkebe kwa ajili ya uzuri kuliko kwa ajili ya kinga. Vile laini vinavyokunywa sana ndivyo vinavyohitaji kuzibwa, hasa jikoni, kwa kuwa tone la mafuta ya kupikia likizama humo halitoki tena.

Kipimo cha kujua hakina gharama. Dondosha matone machache ya maji juu ya kigae kikavu kilicho safi, uangalie saa. Tone likikaa juu limetuna kwa dakika kadhaa bila kuacha kivuli, kigae hicho hakihitaji dawa. Likizama mara moja na kuacha doa la giza, kina kiu. Likienda polepole, basi amua kwa kazi ya chumba: jikoni ziba, chumba cha kulala acha.

Dawa zenyewe ni za namna mbili. Ziko zinazopenya, zikaingia matunduni na kuyafanya yakatae maji, huku uso wa kigae ukibaki kama ulivyo na mvuke wa chini ukiendelea kutoka. Na ziko zinazofanya ngozi juu, zenye kung’aa, ambazo huvutia sana macho ya mgeni. Katika nyumba zilizotandikwa zege juu ya ardhi bila karatasi ya nailoni chini yake, na nyumba za namna hiyo ni nyingi kwetu, hii ya pili ni balaa. Unyevu upandao hukuta mlango umefungwa. Huisukuma ngozi hata ikafanya malengelenge na kubanduka, na chumvi hujikusanya chini yake mahali ambapo ufagio haufiki. Barazani tena huteleza mvua inaponyesha.

Kwa hiyo kabla ya kuziba, chukua kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, ukibandike sakafuni kwa gundi ya karatasi pande zote nne usiku, ukifunue kesho yake. Ukikuta jasho chini yake au vigae vimekuwa vya giza, sakafu bado haijakauka, usipake chochote.

Asiyeweza bei ya muuza rangi anayo njia ya zamani, ambayo mafundi wa vigae vya udongo wa Ufaransa na Italia pia wanaijua: mafuta ya kitani yaliyochemshwa na nta juu yake. Mkono wa kwanza mafuta huchanganywa na tapentini nusu kwa nusu ili yapenye. Hupakwa membamba kwa kitambaa, na yale ambayo kigae hakikuyanywa katika dakika 20 hivi hufutwa yote, la sivyo sakafu itanata na kukamata vumbi la barabara yote ya Entebbe. Mkono wa pili hungoja siku moja au mbili. Vigae hupata wekundu mzito zaidi, jambo ambalo wengine hulipenda na wengine hujuta, basi jaribu kwanza juu ya kigae kilichosalia. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani visikunjwe na kutupwa pembeni! Mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na rundo la vitambaa laweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Vianikwe nje kimoja kimoja, au vitiwe katika ndoo ya maji.

Lakini jambo ambalo muuza rangi alipaswa kumwambia bibi yetu, kama alijua, ni wakati. Kuziba kunafaa zaidi kabla ya grauti, ili saruji isinywewe, na kupaka tena baada yake. Kuziba juu ya weupe uliopo ni kuufungia ndani. Kwa siku za mwanzo utando utaonekana umetoweka, kama unavyotoweka ukiloweshwa maji, kisha dawa ikikauka ataona mawingu chini yake, na sasa siki haiufikii mpaka aivue dawa aliyoinunua kwa bei ile. Asafishe kwanza, sakafu ikauke majuma kadhaa, afanye kipimo cha matone, halafu aamue. Kwa baraza lake linalopigwa na mvua, mimi ningeliacha hivyo hivyo.

Limebaki la fundi. Sikuiona sakafu, wala sikumsikia yeye. Lakini namwomba bibi ajiulize mambo matatu. Je, fundi alijua kabla kwamba vigae ni vya udongo usiotiwa kioo, na je, aliomba kitu cha kuvipaka akanyimwa? Je, alipewa maji ya kutosha, msaidizi na muda, au alihimizwa amalize? Na je, vigae vimelala sawa, nafasi zimenyoka, ukigonga hakuna kinacholia utupu? Ikiwa kazi ya kutandika ni njema, ujira wa kutandika ni wake na ulipwe wote. Kufuta ndiko kulikokosekana. Amwite, amwonyeshe weupe kwa sauti ya kawaida, amwombe arudi na gunia na siki kwa siku mbili. Akikataa bila sababu, azuie gharama ya siku hizo mbili tu, si nusu ya jasho la majuma. Na kama katika kujiuliza huko atakumbuka kwamba palikuwa na ndugu, mume au mpwa msimamizi aliyepiga hesabu kwa kalamu, basi amwulize huyo kwanza.

Katika sebule ya shangazi bado pako mahali pa manjano, karibu na mlango, kiasi cha vigae vinne. Fundi alitaka kuving’oa aweke vipya kutoka katika vile tulivyobakiza, lakini shangazi alikataa. Ameweka juu yake mkeka mdogo, na kila nikienda kumsalimu huniambia nivulie viatu hapo.

Barua juu ya mchwa tutaijibu juma lijalo. Aliyeuliza kama majivu huwazuia asiyamwage kwanza.